Anachokosa ni Muda

Mlinzi wa usiku wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam anatoka Kiteto. Alifika mjini akiwa na miaka kumi na tisa au ishirini. Mwenyewe huhesabu kwa ukame na kwa mwaka waliotahiriwa wenzake. Alikuwa hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi humtumia mama yake pesa kwa simu, na siku zote nilidhani anasoma menyu kama nisomavyo mimi. Usiku mmoja akaniita getini.

"Dada, wamebadilisha."

"Wamebadilisha nini?"

"Namba. Pesa ya yeyo, mama yangu, haipo pale ilipokuwa."

Nikaichukua simu. Kampuni ilikuwa imechomeka huduma mpya katikati ya orodha, na vilivyokuwa chini yake vyote vimeshuka nafasi moja. Kumbe alikuwa ameikariri njia nzima kwa vidole: bonyeza hii, kisha ile, namba ya mama, kiasi, namba ya siri, kama mtu anayekwenda kisimani gizani. Zaidi ya mwaka hakuwahi kukosea. Nilipomwonyesha kwamba yale maandishi yanasema kitu, kwamba hapa pameandikwa "Tuma pesa", hakushangaa. Aliuliza, "Mimi kujua hivi, itanichukua muda gani?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima mipango ya elimu kwa waliokosa shule kwa swali lake. Tumezoea kuuliza maswali mengine: wangapi wameandikishwa, madarasa mangapi yamefunguliwa, vitabu vingapi vimegawiwa. Kijana mwenyewe anauliza muda, kwa sababu muda ndio mali anayokaribia kuimaliza.

Ninaowazungumzia ni wengi na hawafanani. Wako waliokulia kwenye maboma ya Simanjiro na Longido. Wako Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, Wabarabaig, na vijana wa Kisukuma ambao wazazi wao walifuata malisho mpaka Katavi na bonde la Kilombero. Wako waliolelewa kwenye dago za wavuvi, ambako familia huhama samaki wanapohama. Kenya wako Turkana, Samburu, Marsabit, Wajir na Mandera; Uganda wako Karamoja. Wengi wamekua bila umeme, bila barabara ya kupitika masika, na bila jina lao kuandikwa kwenye daftari lolote la serikali. Wengine shule ilikuwepo, ila kilomita kumi na tano kutoka nyumbani, na njiani kuna tembo.

Kijana wa namna hii akiamua kusoma akiwa na miaka kumi na sita, ana kama miaka mitatu au minne mkononi. Baada ya hapo kuna ndoa, kuna mifugo ya baba inayomsubiri, kuna kazi mjini, kuna wadogo zake wanaomtegemea. Darasa la kwanza hadi la saba ni miaka saba. Akianzia mwanzo atamaliza akiwa na ishirini na tatu, na hapo hajagusa sekondari. Hakuna mzazi wa kijijini atakayekubali hesabu hiyo, na sioni kwa nini tumlaumu. Tukimwambia kijana aanze na watoto wa miaka saba, kwa kweli tumemwambia asianze.

Hapa nina neno na picha moja tunayoipenda sana. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge alijitokeza, na Januari 2004 akaandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Dunia nzima iliiona ile sare, kaptura na soksi ndefu, na filamu ikatengenezwa. Ninamheshimu mzee yule kwa moyo wote. Lakini picha yake imetufundisha vibaya. Maruge alikuwa ameshaoa, ameshalea, ameshapigania uhuru. Hakuna aliyekuwa akimsubiri nyumbani alete mahari. Kukaa na wajukuu kwenye dawati dogo kulimpa heshima. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekwisha kuvikwa ujana na rika lake, ukimkalisha kwenye dawati lile lile, magoti yake yakagonga ubao na watoto wakamcheka anapokosea silabi, atavumilia wiki mbili. Nimewaona wakiondoka. Hawagombani na mtu. Siku moja tu hawaji.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na msemo huo umefunga milango mingi kuliko sheria yoyote. Watu huutumia kana kwamba akili ya mtu mzima imekauka. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza ubongo wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: wasiojua kusoma kabisa, waliosoma utotoni, na waliojifunza ukubwani. Sehemu za ubongo zinazotambua maandishi zilikuwa zimebadilika hata kwa wale waliojifunza wakiwa watu wazima, ingawa si kwa kiwango cha walioanza utotoni. Kwa hiyo samaki huyu bado anakunjika.

Tena Kiswahili kinamsaidia. Maneno yetu yanasomwa yanavyoandikwa. Irabu tano hazibadiliki, na anayejua ba, be, bi, bo, bu ameshashika ufunguo wa maelfu ya maneno. Mtoto wa Kiingereza huhangaika miaka na tahajia ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hakutani nayo kamwe. Kijana mwenye bidii, akifundishwa kwa saa mbili kila jioni na mwalimu anayejua kazi yake, anaweza kuunganisha silabi ndani ya miezi michache. Hilo nimelishuhudia mara nyingi na halinipi shaka.

Shaka yangu iko kwenye hatua inayofuata. Kuunganisha silabi bado si kusoma. Anayesoma "wa-na-nchi" kwa kuvuta kila kipande, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka, kwa sababu akili haiwezi kubeba herufi na maana kwa wakati mmoja mpaka herufi zizoeleke zijisome zenyewe. Mazoea hayo yanataka kurasa nyingi, siku baada ya siku. Mipango mingi huishia kabla ya hapo. Watu wanapewa vyeti wakiwa wanasoma kwa kusukuma, na baada ya mwaka mmoja bila kitabu nyumbani, kile kidogo kimefutika.

Tanzania ililiona hilo mapema, na ndiyo sababu historia yetu inauma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Yakaja madarasa ya kisomo chini ya miembe, kampeni za redio kama "Mtu ni Afya" ya 1973 iliyokusanya watu kwenye vikundi vya usikilizaji, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria mwaka 1975. Kanda ya Ziwa likatolewa gazeti la vijijini kwa ajili ya wasomaji wapya, likiitwa "Elimu Haina Mwisho". Waliolianzisha walijua kabisa kwamba aliyejua kusoma jana anahitaji kitu cha kusoma leo. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi kama asilimia 10 mwaka 1986. Kisha uchumi ukayumba, posho za walimu wa kisomo zikakatika, magazeti ya vijijini yakafa. Sensa ya 2002 ilikuta wanaojua kusoma, kati ya wenye miaka 15 na zaidi, ni takribani asilimia 69. Watu hawakuwa wajinga zaidi. Karatasi ziliwaishia mikononi.

Lakini kijana wa bomani haji mtupu, na hapa ndipo muda mwingi unapoweza kuokolewa. Nenda mnadani, usimame karibu na kijana wa Kisukuma anayeuza madume matatu. Mnunuzi anataja laki nne na nusu kwa kila mmoja, kijana anagoma. Mnunuzi anapandisha kwa wawili na kushusha kwa mmoja mwenye kovu. Kijana anajua papo hapo amepata au amepoteza, na bado amekumbuka kutoa ushuru na nauli ya mtu wa kuswaga. Mpe hesabu hiyo hiyo kwenye ubao, namba zimepangwa juu na chini na alama ya kuzidisha pembeni, atakuangalia kama umemwandikia Kichina.

Jambo hili limepimwa mbali na kwetu. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil, Nunes Carraher na wenzake, walichapisha walichokiona mjini Recife kwa watoto wachuuzi. Walipoulizwa hesabu kwenye biashara yao, walipata asilimia 98 ya majibu. Namba zile zile zilipoandikwa kavu kwenye karatasi, walipata kama asilimia 37. Hesabu ilikuwemo vichwani mwao. Walichokosa ni kule kuiandika. Mwalimu anayelijua hili hafundishi kuzidisha kwa kijana wa mnadani. Anamfundisha namna ya kuandika kuzidisha anakokujua tayari, na wiki kumi zinakuwa tatu.

Kuna kikwazo kingine ambacho walimu hawakioni kwa sababu wao wenyewe wamekulia shuleni. Swali la darasani ni swali la ajabu. Mtu anayejua jibu anamuuliza asiyejua, na jibu linatakiwa litoke kwenye maneno ya swali peke yake. Mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Uzbekistan mwanzoni mwa miaka ya 1930 akawaambia wakulima ambao hawajasoma kwamba kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe. Mahali fulani pako huko kaskazini. Je, dubu wa hapo wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na kila nchi ina wanyama wake. Lilikuwa jibu la mtu mwaminifu, asiyetoa ushahidi wa asichokiona. Kijana wetu naye akiulizwa "Juma ana maembe kumi", anataka kujua Juma ni nani. Ukimcheka umempoteza. Ukimweleza kwamba shule ina mchezo wake wa maneno, na sheria zake ni hizi, ataushika kwa siku chache.

Na tuwe wakweli juu ya ukubwa wa pengo lenyewe. Upimaji wa Uwezo, uliofanyika majumbani Kenya, Tanzania na Uganda tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, umeonyesha tena na tena kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Aliyekosa miaka saba ya shule hakukosa miaka saba ya elimu. Amekosa kile ambacho shule imefanikiwa kweli kukifundisha, na hicho ni kidogo kuliko daftari la mahudhurio linavyodai. Ndiyo maana njia ya kupanga wanafunzi kwa kiwango chao badala ya umri, ambayo shirika la Pratham la India limeitumia na kuieneza, inafaa sana hapa: wasiojua herufi kundi lao, wanaosoma maneno kundi lao, na mtu anahama kundi siku anayoweza.

Mipango ya kufupisha njia haijakosekana. Tanzania ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa UNICEF, kile tunachokiita MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Waliokosa. Kundi la kwanza ni wa miaka 11 hadi 13, ambao hufanya mtihani wa darasa la nne wakaingia la tano. Kundi la pili ni wa 14 hadi 18, ambao husoma miaka mitatu na kufanya mtihani wa darasa la saba. Mawazo yake ni sahihi kabisa. Unapokwenda vibaya ni pale shule inapoliona darasa la MEMKWA kama chumba cha akiba: mwalimu aliyechoka na vipindi vya asubuhi, posho isiyofika, vitabu vya zamani. Ethiopia, kwenye shule za kasi, watoto wa miaka 9 hadi 14 husoma siku nzima kwa miezi kumi, darasa likiwa na watu wasiozidi thelathini, mwalimu akiwa kijana wa hapo hapo anayezungumza lugha yao, na mwishoni huingia darasa la nne. Wamebana miaka mitatu ndani ya mmoja kwa kuongeza saa na kupunguza wanafunzi. Kubana huko kuna gharama. Anayetaka kufupisha muda kwa bei rahisi atafupisha elimu yenyewe.

Karamoja inanifikirisha kuliko kwingine. Wazee wa Kikaramojong waliwahi, zama za ukoloni, kuizika kalamu ardhini na kuilaani, kwa sababu kalamu ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliochukuliwa na ya waliodaiwa kodi. Ilifukuliwa kwa tambiko mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye ukaanza mpango wa ABEK: masomo alfajiri kabla ya kwenda machungani na jioni baada ya kurudi, kwa lugha ya Ngakarimojong, mada zikiwa mifugo, malisho, kilimo na afya. Shule iliufuata mwendo wa watu. Madarasa ya jioni ya Lchekuti kule Samburu yalitembea njia hiyo hiyo, wachungaji wakiletewa ubao pale ng'ombe wanapolala. Na Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ikaunda baraza zima la elimu ya jamii za wahamaji.

ABEK ilileta watoto wengi kwenye ubao. Waliovuka kutoka hapo kwenda shule ya kawaida wakabaki humo walikuwa wachache. Upande wa pili walikuta lugha nyingine, ratiba ya kutwa, sare na dawati. Yale yaliyowavutia yaliishia mlangoni. Hili ndilo ninalolishikilia: ni rahisi kujenga darasa zuri la kando kuliko kujenga mlango kati yake na mfumo. Na kijana aliyetumia miaka miwili ya ile minne yake kwenye darasa lisilo na mlango ametapeliwa, hata kama kila aliyemfundisha alimpenda.

Mlango wa kwanza ni karatasi. Kijana aliyezaliwa bomani, mama yake akizalishwa na mkunga wa jadi, hana cheti cha kuzaliwa. Akienda kukitafuta ukubwani, anaombwa ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au cheti cha kumaliza shule ya msingi. Hicho cha mwisho ndicho anachokitafutia cheti cha kuzaliwa. Tusidhani ni tabu ya Afrika peke yake. Mmarekani Tara Westover, aliyelelewa milimani Idaho na wazazi walioikataa shule na serikali, hakuwa na cheti cha kuzaliwa mpaka alipofika miaka tisa. Aliingia darasani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, moja kwa moja chuo kikuu, na mwaka 2014 akapata udaktari Cambridge. Tofauti yake na mtu wa Longido haiko kwenye kipaji. Alikuwa anajua kusoma kwa lugha ile ile ya mtihani, na mtihani wa kuingilia ulikuwepo ambao mtu yeyote angeweza kuufanya bila kuulizwa alisoma wapi.

Kwetu upo mtihani wa aina hiyo kwa sehemu: mtihani wa maarifa, ule watu wanaouita QT, ambao ukifaulu unakuruhusu kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mlango wa kweli na umewapitisha wengi. Ila mbele yake kuna ukuta wa lugha. Kijana wa Kimasai aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, lugha yake ya pili, aliyebana miaka saba ndani ya mitatu, anafika sekondari na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Muda wote aliouokoa unarudishwa pale. Ninaamini, na sijawahi kusikia hoja ya kunigeuza, kwamba hakuna hatua moja ambayo ingewasaidia waliochelewa kama kuwaruhusu kufanya mitihani ya sekondari kwa Kiswahili.

Wasichana saa yao inakwenda kasi zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Novemba 2021 serikali ikaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi darasani. Ruhusa hiyo ilisubiriwa mno. Lakini msichana ambaye hajawahi kuwa darasani hana pa kurudi, na kama ana mtoto mgongoni, darasa la saa nne asubuhi limegongana na maji, kuni na maziwa. Madarasa ya jioni yenye taa ya sola na mama mmoja wa kushika watoto ni jambo dogo la kugharimia. Nimeona darasa likijaa kwa sababu hiyo tu.

Mlinzi wetu alianza darasa la jioni Februari, wakimpokea kwa hisani kwa kuwa wenzake walikuwa wameanza mwezi mmoja kabla. Mpaka Aprili alikuwa anaunganisha maneno ya silabi tatu na kuandika jina lake, la mama yake na la ng'ombe wake wanne. Kisha habari ikaja kwamba baba yake anaumwa na mifugo haina mtu. Aliondoka na daftari ndani ya shuka.

Wiki tatu baadaye simu yangu ililia. Siku zote hutuma ujumbe wa sauti. Safari hii yalikuwa maandishi: DADA MFUA IPO NGOBE WAZIMA BABA AFAZALI NITARUDI MWEZI WA SABA. Nikaenda kumuulizia nafasi. Mwalimu wa zamu, mtu mwema, aliangalia rejista yake akaniambia wapya wanapokelewa Januari.

"Yeye si mpya," nikamwambia.

"Najua, dada," akasema. "Lakini hapa nina safu ya wapya na ya wanaoendelea. Aliyekwenda kuchunga akarudi, sina pa kumwandika."